Kutambua tamathali za semi na mbinu za sauti katika shairi, hatua kwa hatua

Mitihani ikikaribia, maswali ni yale yale, yatoke Ngamiani, Muheza au Bagamoyo: "Hii ni tashbihi au sitiari?" "Mbona mizani yangu inatoka kumi na tano?" "Takriri na vina si kitu kimoja?" Wengi wanaouliza wameshakariri orodha ya majina ishirini pamoja na maana zake. Wakiwekewa ubeti mbele hawajui waanzie wapi, kwa sababu wanaanza na jina kisha wanatafuta pa kulibandika. Hapa tunakwenda kinyume: sikio kwanza, kisha maana, na jina mwisho kabisa.

Vitu vya kuwa navyo

- Shairi moja, beti tatu hadi tano. Usianze na utenzi wa beti mia.
- Nakala iliyopangwa mishororo yake, yaani mistari ya shairi, sawasawa. Mashairi yanayozunguka kwenye simu mara nyingi yamekatwa ovyo, kipande cha pili kimerukia mstari wa chini.
- Penseli na kifutio, maana utafuta. Ukipata kalamu mbili za rangi, moja iwe ya sauti na nyingine ya maana.
- Kamusi ya Kiswahili sanifu.
- Mahali ambapo unaweza kusoma kwa sauti bila kuona haya.

Kama ndiyo unaanza, chagua mshairi ambaye lugha yake haiko mbali na ya leo. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Machui, karibu na Tanga mjini, mwaka 1909, anafaa sana kwa kazi hii. Tendi za kale za Lamu na Pate ziache kwanza. Zinadai lahaja kabla hazijadai tamathali.

Ubeti tutakaoufanyia kazi umetungwa kwa ajili ya somo hili:

Jua latoka majini, mbingu nzima inawaka,
Ngalawa i mlangoni, kama mwari yapambika,
Mawimbi yanena pwani, Tanga yote yaamka,
Nahodha shika sukani, tufike tunakotaka.

Hatua ya 1: Soma kwa sauti mara mbili, penseli iwe mezani

Mara ya kwanza soma kama unavyosoma gazeti. Mara ya pili pumzika kwenye kila mkato na mwisho wa kila mshororo. Usitafute kitu. Sikiliza tu ulimi unakwama wapi, unateleza wapi, na sauti gani inarudi rudi. Ukimaliza, weka kinukta pembeni mwa mshororo uliokushtua. Hapo ndipo utakaporudi kwanza.

Anayeruka hatua hii huishia kuziona tamathali na kuzikosa mbinu za sauti zote, kwani jicho halisikii.

Hatua ya 2: Hesabu mizani

Mizani ni idadi ya silabi katika mshororo. Kata kila neno kwa vistari:

Ju-a-la-to-ka-ma-ji-ni (8), mbi-ngu-nzi-ma-i-na-wa-ka (8). Jumla 16.

Hiyo nane kwa nane ndiyo hesabu iliyozoeleka ya shairi la mishororo minne, yaani tarbia, na ndiyo inayofuata kanuni alizozichapisha mshairi Sheikh Kaluta Amri Abedi mwaka 1954. Kipande cha kwanza huitwa ukwapi, cha pili utao. Mishororo nayo ina majina: mwanzo, mloto, mleo na kituo. Utenzi kwa kawaida una mizani nane kwa kila mshororo.

Makosa karibu yote ya mizani hutoka sehemu tatu.

Ya kwanza ni "m" inayosimama peke yake. Katika "mlangoni" hiyo m ni silabi kamili: m-la-ngo-ni, nne. Vivyo hivyo "mto" ni mbili na "yaamka" ni nne, ya-a-m-ka. Lakini "mbingu" ni mbili tu, kwa kuwa m imeshikana na b na haitamkwi peke yake. Mfano mzuri ni "mbuni". Ukitaja ndege, ni mbu-ni, mizani mbili. Ukitaja mti wa kahawa, ni m-bu-ni, tatu. Maandishi ni yale yale. Anayeamua ni mdomo.

Ya pili ni maneno mafupi yanayoanza na n: "nchi", "nge", "nta". Haya yana silabi mbili kila moja, n-chi, n-ge, n-ta, kwa sababu mkazo unaiangukia hiyo n.

Ya tatu ni irabu mbili zinazofuatana. "Juu" ni ju-u. "Kaa" ni ka-a. Usizimeze.

Njia ya haraka: piga kofi dogo kwa kila silabi huku unatamka polepole. Vidole vinachanganya mtu akifika kumi.

Hatua ya 3: Zungushia vina

Kina ni silabi nzima ya mwisho ya kipande, siyo irabu peke yake. Kwenye ubeti wetu kina cha kati ni -ni (majini, mlangoni, pwani, sukani) na cha mwisho ni -ka (inawaka, yapambika, yaamka, tunakotaka). "Pwani" na "asali" havifanyi kina ingawa vyote vinaishia na i. Wala "mganga" na "mwaga", kwani -nga siyo -ga. Hapo ndipo wanaojifunza kutunga wanapoanguka, na anayehakiki asiyejua hivyo huwasifu kwa vina ambavyo havipo.

Ukishaona vina, angalia kituo. Mshororo wa nne ukirudiwa neno kwa neno katika kila ubeti, huo ni kibwagizo, na kurudiwa kwake tayari ni mbinu ya sauti unayoweza kuitaja.

Hatua ya 4: Tafuta maneno yaliyokatwa, kurefushwa au kupinduliwa

Mshairi akibanwa na mizani hulifinya neno. Ngalawa yetu "i mlangoni". Kwa mazungumzo ya kawaida tungesema "iko mlangoni", lakini hapo mizani ingekuwa tisa. Ufupishaji huo ni inkisari. Mingine utakayokutana nayo sana: "mejua" kwa "nimejua", "moyowe" kwa "moyo wake". Neno likirefushwa ni mazida, mfano "enenda" badala ya "enda". Mpangilio ukipinduliwa, "wangu moyo" badala ya "moyo wangu", hapo sarufi imeborongwa kwa makusudi.

Tahadhari: lahaja siyo inkisari. "Mato" kwa macho, "nti" kwa nchi na "ndia" kwa njia ni Kiswahili halali cha kaskazini mwa pwani. Ukiandika kwamba mshairi amekosea au amelazimishwa na mizani, umeonyesha kwamba hukuyajua maneno hayo.

Hatua ya 5: Sikiliza sauti zinazorudi

Sasa chukua kalamu ya sauti, upigie mstari konsonanti zinazojirudia kwa karibu. Usijali neno linaanza na nini. Tafuta sauti ile ile mara tatu au zaidi ndani ya kipande kimoja.

Angalia "tufike tunakotaka". Kuna t tatu na k tatu ndani ya silabi nane. Ni sauti kavu, za kugonga, zinazofuatana upesi, na ni maneno ya kumwamrisha nahodha. Linganisha na "Mawimbi yanena pwani": m, w, mb, n, n, pw, n. Zote laini, zinapita puani na midomoni. Ubeti umetoka kwenye utulivu wa maji kwenda kwenye amri, na sauti imekwenda nao. Hiyo ni takriri konsonanti yenye kazi, na ukiieleza hivyo una hoja mkononi.

Sasa jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita. Kiswahili kina upatanisho wa kisarufi, kwa hiyo sauti hurudi zenyewe bila mshairi kufanya lolote. "Vitu vyangu vizuri vimevunjika" imejaa v, lakini anayeisema anaripoti hasara tu. Kabla hujaandika "takriri", ondoa viambishi kichwani uone kama mizizi nayo inarudia sauti. Katika mfano wetu tu- mbili ni za kisarufi, ni kweli. Lakini mshairi angeweza kusema "tunakoshuka" bila kuharibu mizani wala kina, na amechagua "tunakotaka", ambalo limeongeza t kutoka kwenye mzizi "taka". Uchaguzi ndio ushahidi. Pasipo na uchaguzi, acha.

Takriri irabu hutafutwa vivyo hivyo, na takriri neno haihitaji maelezo, inaonekana.

Tanakali za sauti zinataka uangalifu zaidi. Kitu kikitumbukia majini "chubwi", au maji yakidondoka "ndo ndo ndo", neno linaiga sauti inayosikika. Katika "nyeupe pe", "nyeusi ti" na "kimya ji" hakuna sauti inayoigwa. Rangi haina mlio. Hayo ni maneno ya kutia mkazo. Walimu wengine huyaweka yote kapu moja chini ya tanakali. Mwalimu wako akifanya hivyo mfuate, lakini ujue tofauti.

Hatua ya 6: Uliza kila kauli, "Je, hili linaweza kutokea kweli?"

Badili kalamu. Pita mshororo kwa mshororo. Kauli ikiwa inaweza kutokea kama ilivyosemwa, ivuke. Ikiwa haiwezi, umefika kwenye tamathali, na sasa ndiyo unatafuta jina.

"Jua latoka majini." Mtu aliyesimama ufukweni Raskazone, Tanga, alfajiri huliona hivyo hivyo, na ndivyo watu wote wa pwani wanavyosema. Kauli iliyozoeleka namna hii imekufa kama tamathali, sawa na "mguu wa meza", "mdomo wa chupa" au "saa inakwenda". Usihesabu.

"Mbingu nzima inawaka." Haiwaki. Wekundu umeitwa moto bila neno la kulinganisha: sitiari. Neno "nzima" nalo limevuka mpaka, kwa hiyo pana mubalagha kidogo, yaani kutia chumvi. Itaje sitiari kwanza.

"Kama mwari yapambika." Kuna "kama", na vinavyolinganishwa ni vya aina mbili tofauti, chombo na binti aliyetoka kufunzwa: tashbihi. Viunganishi vingine ni mithili ya, mfano wa, sawa na, utadhani, na katika mashairi ya kale "ja".

Lakini siyo kila "kama" ni tashbihi:
- "Kama utakuja" ni sharti.
- "Watu kama kumi" ni makadirio.
- "Ana ngalawa kama yangu" ni ulinganishi wa kawaida, kitu kwa kitu cha aina yake.

"Mawimbi yanena." Kunena ni kazi ya mtu, kwa hiyo hii ni tashihisi.

"Tanga yote yaamka." Mji haulali wala hauamki, wanaoamka ni watu wake, na jina la mji limesimama badala yao. Vitabu havikubaliani kuhusu jina la mbinu hii. Ukiwa na shaka, eleza kwanza kilichotokea, kisha weka jina lililomo kwenye kitabu mnachotumia darasani. Maelezo sahihi hulinda jina lenye utata.

Sasa ubeti mdogo wa utenzi, wenye mbinu ambazo ule wa kwanza hauna:

Masika yameshafika,
Ta! ta! mabati yawika,
Na Bibi ametutoka,
Machozi mto Pangani.

Mshororo wa kwanza hauna tamathali, na hakuna ubaya, usilazimishe. Wa pili una tanakali, "ta! ta!", ambayo ni matone juu ya bati, na pia bati limepewa kazi ya jogoo. Vitabu vingi huliweka hili chini ya tashihisi au uhaishaji, ingawa kilichokopwa si tendo la mtu. Wa tatu una tafsida: Bibi amekufa, neno limelainishwa. Wa nne hauna "kama", kwa hiyo ni sitiari, na kwa kuwa hakuna jicho linaloweza kutoa maji ya Mto Pangani, pia ni mubalagha. Vina ni -ka, -ka, -ka, kisha -ni, ambacho utakikuta mwisho wa kila ubeti wa utenzi huo. Hicho ndicho kina cha bahari.

Nyingine kwa ufupi. Kauli inayosema kinyume cha inachokusudia, kwa kuumiza, ni kejeli. Vinyume viwili vikiwekwa bega kwa bega, tabaini. Kumsemesha marehemu au asiyekuwepo kana kwamba anasikia, ritifaa. Swali lisilongoja jibu, swali la balagha.

Hatua ya 7: Rudi nyuma uangalie shairi zima

Mbinu nyingine hazionekani kwenye mshororo mmoja. Nahodha, sukani, ngalawa, "tufike": je, ni safari ya uvuvi au ni kiongozi na watu wake? Sitiari ikitandazwa namna hii kutoka mwanzo hadi mwisho huwa jazanda. Lakini ubeti mmoja hautoshi kuhukumu. Dai uwe na dalili tatu tofauti ndani ya shairi: pengine abiria wanaogombana, pengine tanga lililochanika na hakuna wa kulishona, pengine nahodha aliyelala. Ukipata moja tu, andika "huenda". Wanafunzi wa pwani, waliokulia kwenye taarabu na vijembe, wana ugonjwa wa kuona fumbo kila mahali. Mara nyingine samaki ni samaki.

Mazoezi ya bure ya jambo hili yapo mitaani: soma majina ya kanga. "Usisafirie nyota ya mwenzio" haimzungumzii baharia peke yake. Nyota ni bahati, safari ni maisha, na anayevaa kanga hiyo ana mtu anayemlenga. Chukua kanga tano nyumbani, andika nyota yake ni nini katika kila moja, utashangaa mkono unavyozoea.

Hatua ya 8: Andika jibu lenye sehemu tatu

Jina, ushahidi, kazi. Hivi:

"Mshairi ametumia tashihisi katika mshororo wa tatu, 'Mawimbi yanena pwani', ambapo mawimbi yamepewa uwezo wa kusema. Mbinu hii inaifanya bahari iwe kama mkazi mmojawapo wa mji anayewaamsha wenzake, na inajenga hali ya pilikapilika za alfajiri."

Usiandike "imelipamba shairi" ukakomea hapo. Kila tamathali hupamba. Kauli hiyo haisemi kitu juu ya shairi lililo mbele yako. Usinukuu ubeti mzima kwa ajili ya neno moja.

Jipime

Mishororo hii mitatu (tathlitha) ifanye mwenyewe kabla ya kusoma majibu:

Magofu yale Kaole, yananong'ona habari,
Kaburi la nguzo lile, ja mlinzi wa bandari,
Bahari iliyo mbele, imelaza majabari.

Majibu: mizani 16 kila mshororo, vina -le na -ri. Katika ukwapi wa kwanza "ya" imeachwa (magofu yale ya Kaole), mizani isizidi nane. "Yananong'ona" ni tashihisi. "Ja mlinzi" ni tashbihi. Aliyeandika sitiari hakuitambua "ja". "Imelaza" unaweza kuitetea kama tafsida ya kuua au kama sitiari, mradi useme kwa nini. "Kaburi" halina fumbo: Kaole, kusini mwa mji wa Bagamoyo, kuna makaburi ya nguzo kweli.

Ikikwama

Mizani inatoka 15. Kagua m na n kwanza, kisha irabu pacha. Bado? Tazama nakala. Wachapaji wengine "husahihisha" maneno ya mshairi, wakageuza "enenda" kuwa "enda", na mizani ikapotea hapo. Ikitoka 17, huenda aliyenakili ameirudishia inkisari herufi zake.

Mizani haitoshi katika beti zote, wala vina havipo. Huenda ni shairi huru. Ruka hatua ya 2 na ya 3, tia nguvu kwenye ya 5: mashairi huru hujenga mdundo kwa takriri na urefu wa mishororo. Usiandike kwamba mshairi "ameshindwa kufuata kanuni".

Vina vinalingana mishororo yote isipokuwa mmoja. Litamke neno hilo kwa lahaja ya mshairi. Mara nyingi kina kinarudi mahali pake.

Majina mawili yanafaa kauli moja. Hili ni la kawaida, siyo kosa. Chagua lile unaloweza kulieleza kwa sentensi mbili bila kusitasita, na lingine litaje pembeni kama nafasi ipo.

Hujaona tamathali hata moja. Tazama vitenzi. Wanaoanza hutafuta kwenye nomino, wakati nusu ya sitiari na karibu tashihisi zote zimejificha kwenye kitenzi: yanena, yawika, imelaza.

Umeona tamathali thelathini katika beti nne. Rudi hatua ya 6, ufute kila iliyokufa kwa mazoea. Zikibaki sita au saba unazoweza kuzitetea, anza kuandika.